Nyonga ikiwa imekunjwa au imenyooka: zoezi lako ulifanye katika mkao upi?

Mama yangu mkubwa anaishi Tukuyu. Miaka yote amekuwa akileta ndizi zake Mbeya mjini mwenyewe, mpaka ikafika siku Kosta ikamshinda kupanda. Ngazi ya kwanza ya Kosta iko juu, na gari likisimama kando ya mtaro inakuwa juu zaidi. Aliweka mguu wa kushoto kwenye ngazi, akashika chuma cha mlango, akajisukuma mara ya kwanza, mara ya pili, mwisho konda akamvuta mkono. Akaenda hospitali. Huko aliambiwa alale kifudifudi kitandani anyanyue mguu mmoja mmoja. Yote miwili ikanyanyuka. Akaambiwa misuli ni mizima, arudi nyumbani apumzike.

Jioni akanipigia simu. "Mwanangu, wamesema miguu yangu mizima. Sasa mbona gari linanishinda?"

Kazi yangu ni mazoezi tiba, na swali lake naliulizwa kwa sura nyingi, na wazee, na wachezaji, na vijana wa bodaboda. Mama mkubwa alipimwa nyonga ikiwa imenyooka, tena akinyanyua uzito wa mguu peke yake. Ngazi ya gari inamtaka awe na nguvu nyonga ikiwa imekunjwa, na anyanyue mwili mzima. Misuli ni ileile lakini kazi ni mbili, na nguvu uliyonayo katika mkao mmoja haikudhamini katika mwingine. Kwa hiyo kabla hujachagua zoezi, chagua mkao. Hapa chini naiweka mikao hiyo ubavu kwa ubavu. Nitakaa zaidi kwenye makalio na upande wa nje wa nyonga, maana ukiishi kwenye miinuko kama yetu, huko ndiko mlima unakodai kila siku.

Kwa nini mkao unabadili nguvu

Ingiza vidole vya mkono wa kulia katikati ya vidole vya mkono wa kushoto. Vikigusana ncha tu, hakuna cha kushika. Vikiingia mpaka mwisho, havina pa kwenda tena. Vikiingiliana kiasi, hapo ndipo unaweza kubana na kuvuta. Ndani ya msuli kuna nyuzi za aktini na miosini zinazoingiliana kwa namna inayofanana na hiyo. Mwaka 1966 watafiti Gordon, Huxley na Julian walichapisha vipimo vyao vya uzi mmoja mmoja wa msuli wa chura: nguvu ilikuwa kubwa kabisa pale sakomea, yaani kipande kidogo kabisa cha uzi kinachojikunja, ilipokuwa na urefu wa maikromita 2.0 hadi 2.25 hivi, ikaisha kabisa ilipovutwa hadi karibu maikromita 3.65. Msuli uliofupishwa sana ni dhaifu, uliovutwa kupita kiasi nao ni dhaifu.

La pili ni wenzo. Fundi wa malori pale Uyole akikutana na nati iliyoganda, huchomeka bomba kwenye spana ili mkono wake ukae mbali na nati, kisha nguvu ileile inafungua kilichokuwa kimeshindikana. Msuli nao huvuta mfupa kwa umbali fulani kutoka katikati ya kiungo, na umbali huo hubadilika nyonga inapokunjwa na kunyooka. Mara nyingine wenzo unakua wakati urefu mzuri wa msuli unapotea, ndiyo sababu huwezi kukisia kwa jumla, inabidi uuangalie kila msuli kwa zamu yake.

Tena kuna misuli inayovuka viungo viwili. Ile ya nyuma ya paja inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, inapita nyuma ya nyonga, inaishia chini ya goti. Kwa misuli kama hiyo, ukipanga mkao wa nyonga bila kuangalia goti umepanga nusu.

Makalio: ngazi au daraja?

Mazoezi mawili yanashindana hapa. La kwanza ni kupanda ngazi au kuchuchumaa, ambalo kazi yake ngumu iko pale nyonga inapokuwa imekunjwa. La pili ni daraja: unalala chali, magoti yamekunjwa, nyayo ziko chini, unanyanyua kiuno mpaka kiwiliwili na mapaja viwe mstari mmoja. Daraja linadai nguvu pale nyonga inaponyooka.

Ukipima nguvu ya kusukuma paja kwenda nyuma, utaikuta kubwa nyonga ikiwa imekunjwa karibu digrii 90, kama mtu aliyekaa kitini, halafu inapungua kadiri nyonga inavyonyooka. Watu wengi hushangaa, wakidhani mkao wa kuchuchumaa ni wa udhaifu kwa sababu ndiko wanakoshindwa. Wanashindwa kwa sababu mzigo wa pale ni mkubwa mno. Misuli yenyewe imevutwa ikapata urefu wake mzuri, na kama ingekuwa dhaifu pale kama ilivyo dhaifu mguu ukiwa nyuma, hakuna ambaye angenyanyuka kutoka kwenye kigoda.

Lakini nguvu ile ya nyonga iliyokunjwa si ya makalio peke yake. Msuli mkubwa wa ndani ya paja, ambao wengi wanaujua kwa kubana mapaja tu, una wenzo mzuri wa kunyoosha nyonga pale nyonga inapokuwa imekunjwa sana. Msuli mkuu wa makalio, ulio mkubwa kuliko misuli yote mwilini, wenzo wake unakuwa mzuri zaidi nyonga inapokaribia kunyooka. Maana yake, kwenye ngazi inafanya kazi timu nzima, kwenye daraja makalio yanabaki na sehemu kubwa ya mzigo. Magoti yakiwa yamekunjwa, misuli ya nyuma ya paja imefupishwa juu na chini kwa pamoja, haina nguvu ya kusaidia. Ukifanya daraja na nyuma ya paja ikakaza mpaka ukapiga kelele, huenda visigino viko mbali mno. Vivute karibu na makalio, anza upya.

Mwangalie mama anayepanda njia ya shamba kule Rungwe, ile njia iliyochimbwa vidato na mvua. Anaweka mguu kwenye kidato, anainamisha kifua karibu na paja, kiganja kinakandamiza juu kidogo ya goti, ndipo ananyanyuka. Hakufundishwa na mtu. Kwa kuinama ameikunja nyonga, akaivuta misuli ya nyuma ikapata urefu wa kufanya kazi, na sehemu ya mzigo akaiondoa kwenye goti akaipeleka kwenye nyonga. Sasa mtwishe ndoo ya lita 20 kichwani. Hawezi kuinama tena. Lazima kiwiliwili kisimame wima, nyonga inakunjwa kidogo tu, na goti linabeba kilichokuwa cha nyonga. Kwa mwinuko mkali, na kwa mtu ambaye magoti yamemchosha, mimi ningeshauri mzigo uende mgongoni kila inapowezekana, hata kama mkono umezoea kichwani.

Nani achague nini? Anayeshindwa kunyanyuka kwenye kigoda, kwenye choo cha kuchuchumaa, au kwenye ngazi ya gari, afanye ngazi. Mkimbiaji anayejiandaa kupanda ile barabara ya Chunya, ambaye hatua yake inakatika nyuma kabla hajasukuma ardhi mpaka mwisho, aongeze daraja, na akilizoea alifanye kwa mguu mmoja. Kijana wa bodaboda anayekaa nyonga ikiwa imekunjwa kutwa nzima naye daraja litamfaa, kwa kuwa kazi yake haimpeleki kwenye mkao wa kunyooka hata mara moja. Ukinilazimisha nichague moja kwa mtu mzima wa kawaida, nachagua ngazi bila kusita. Nguvu inayopatikana kwa zoezi hukua zaidi katika pembe uliyoizoeza, lakini msuli uliozoezwa ukiwa umevutwa hugawa faida yake kwenye pembe nyingi kuliko ule uliozoezwa ukiwa umefupishwa.

Mwenye maumivu ya kinena kila anapokunja nyonga sana asianze na ngazi ndefu. Aanze na daraja, na kinena kiangaliwe. Aliyebadilishiwa nyonga afuate mipaka aliyopewa na daktari aliyempasua, hasa kuhusu kukunja kupita digrii 90.

Nyuma ya paja: kukaa au kulala kifudifudi?

Hapa sina mengi, kwa sababu jibu limekaa wazi. Kukunja goti dhidi ya uzito ukiwa umekaa kunaushinda mkao wa kifudifudi. Ukiwa umekaa, nyonga iliyokunjwa inaivuta misuli ya nyuma ya paja kwa upande wa juu, hivyo hata kisigino kinapokaribia kalio bado ina urefu wa kufanyia kazi. Ukilala kifudifudi misuli imelegea juu, na goti likizidi kukunjwa inalegea na chini. Jaribu sasa hivi kitandani: lala kifudifudi, vuta kisigino kiguse kalio kwa nguvu zako zote. Utasikia nguvu inakuishia njiani, au msuli unakaza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Japani ulilinganisha mikao hii kwa watu 20 kwa muda wa wiki 12, kila mtu akizoeza mguu mmoja kwa kukaa na mwingine kwa kulala kifudifudi. Misuli ya nyuma ya paja kwa jumla ilinenepa kwa takriban asilimia 14 kwenye mguu wa kukaa, na asilimia 9 kwenye mguu wa kifudifudi.

Kwa mchezaji wa mpira kuna sababu nyingine. Anapokimbia kwa kasi na kushika nyuma ya paja ghafla, mara nyingi ni pale mguu unapokuwa mbele hewani, nyonga imekunjwa na goti linanyooka, msuli umevutwa kweli kweli. Kumzoeza mkao ambao msuli ni mfupi ni kumwandaa kwa mechi ambayo hataicheza. Nyumbani usipokuwa na mashine, funga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mguu wa meza nzito mbele yako, upitishe nyuma ya kifundo cha mguu, kaa kwenye kiti, vuta kisigino chini ya kiti.

Upande wa nje: kulala ubavu au kusimama mguu mmoja?

Huku ndiko ninakotaka watu waangalie kwa makini, kwa sababu misuli hii midogo ya upande wa nyonga inafanya kazi ambayo haionekani mpaka ikishindwa. Kila unapotembea kuna wakati umesimama kwa mguu mmoja. Ubavu wa pili wa kiuno unataka kuanguka, na misuli ya upande wa mguu uliosimama ndiyo inayouzuia. Ikiwa dhaifu, kiuno kinashuka upande wa pili, au mtu anajitupa kwa kiwiliwili upande wa mguu dhaifu ili asianguke. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza dalili hii mwaka 1895, na mpaka leo kipimo kinaitwa kwa jina lake.

Chukua mtu wa kilo 60. Akisimama mguu mmoja, sehemu ya mwili inayoning'inia juu ya nyonga hiyo ni kama kilo 50, ukitoa mguu aliousimamia. Uzito huo uko mbali na katikati ya nyonga kwa takriban mara mbili ya umbali wa misuli ya upande. Kwa hiyo misuli inalazimika kuvuta kama kilo 100, na kiungo chenyewe kinabanwa na jumla ya zote mbili, kilo 150 hivi, mara mbili na nusu ya uzito wake. Ile ndoo ya lita 20 kichwani inaongeza kama kilo 40 kwenye msuli na 60 kwenye kiungo, kila hatua.

Sasa mkao. Misuli hii ina nguvu zaidi mguu ukiwa umenyooka chini ya mwili au umeingia ndani kidogo, na inapoteza nguvu kadiri mguu unavyopanuliwa kwenda nje. Ukilala ubavu na kunyanyua mguu juu kabisa kama mkasi, ile sehemu ya juu unayojivunia ndiyo msuli ulikofupishwa zaidi, mbali na mkao unaoutumia barabarani. Kusimama kwa mguu mmoja kunauzoeza msuli katika urefu uleule wa kutembea. Kwa anayeweza kusimama salama, kusimama ni bora: simama kwenye kizingiti au ngazi kwa mguu mmoja, mwingine uning'inie, acha kiuno upande wa hewani kishuke taratibu, kisha kipandishe bila kukunja goti. Mkono uwe ukutani.

Kulala ubavu kubaki kwa asiyeweza kusimama, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au ambaye kiuno kinashuka hata akijaribu. Alale ukingoni mwa kitanda, mguu wa juu uanzie chini ya usawa wa godoro, anyanyue mpaka usawa wa mwili tu. Vidole vya mguu viangalie mbele, visigeuke juu, na nyonga isikunjwe kuja mbele, la sivyo kazi inachukuliwa na misuli ya mbele bila yeye kujua.

Lipo na zoezi la kukaa kitini na kutanua magoti dhidi ya mpira, ambalo vijana wa jim wanalipenda. Si baya, ila nyonga ikikunjwa digrii 90 misuli inabadilishana kazi. Sehemu ya mbele ya msuli wa upande wa nyonga inakuwa ya kuzungusha paja ndani, na kutanua magoti kunabebwa zaidi na makalio na misuli midogo ya kina. Ukilifanya miezi sita halafu kiuno bado kinashuka ukitembea, usishangae.

Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma, maana huko ndiko inakoshika kiuno kisianguke. Mfuko wa sokoni ufanye kinyume chake: ubebe mkono wa upande ule ule wa nyonga inayouma. Ukibebwa upande wa pili unaurefusha wenzo unaopigana na msuli uliochoka. Watu hufanya vyote viwili kinyume, kwa kudhani wanaipumzisha nyonga.

Mbele, ndani, na kuzungusha

Misuli ya kunyanyua paja: ukiwa umekaa tayari digrii 90, msuli wa mbele ya paja unaovuka goti umeshafupishwa kwenye nyonga, na kupandisha goti juu zaidi kunauachia kazi msuli wa ndani unaotoka kwenye pingili za kiuno. Wanaojikwaa kwenye mawe hawahitaji goti lifike kifuani, wafanye wakiwa wamesimama. Anayeshindwa kupandisha mguu kwenye pikipiki ndiye afanye akiwa amekaa, mgongo wima, bila kuegemea nyuma.

Misuli ya ndani ya paja hugeuza upande. Mmojawapo ule mrefu husaidia kulivuta paja mbele nyonga ikiwa imenyooka, na ikikunjwa sana husaidia kulirudisha nyuma. Ndiyo maana wachezaji wenye maumivu ya kinena hupimwa kubana nyonga ikiwa digrii 0, 45 na 90, si mkao mmoja. Anayepiga mpira mguu ukitokea nyuma azoeze kubana miguu ikiwa imenyooka pia.

Pirifomisi, msuli mdogo uliojificha chini ya makalio, huzungusha paja nje mguu ukiwa umenyooka, na nyonga ikifika digrii 90 huanza kulizungusha ndani. Ukipimwa mzunguko wa nyonga, uliza ulipimwa umekaa au umelala, na mara ya pili upimwe vilevile.

Kupima nyumbani

Mizani ya ndoano ya kupimia maharage sokoni inatosha. Funga kamba kwenye kifundo cha mguu, ndoano kwenye kamba, upande wa pili kwenye kitu kisichosogea, vuta taratibu kwa sekunde tano bila kushtua, andika namba. Kamba iwe mahali pale pale mguuni kila mara, kwa kuwa ukiisogeza umebadili wenzo, na ivute kwa pembe mraba na mguu. Pima kulia na kushoto, nyonga ikiwa imekunjwa na ikiwa imenyooka. Namba nne. Mara nyingi tofauti kati ya miguu miwili hujitokeza katika mkao mmoja na kujificha katika mwingine.

Ya mama mkubwa ilijitokeza nyonga ikiwa imekunjwa, mguu wa kushoto. Nilimwekea tofali moja la kuchoma chini, kando ya fremu ya mlango. Mguu mzima juu ya tofali, kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole, asukume kwa kisigino, na mguu wa chini usijirushe. Mara nane, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Nilikataa asirukie matofali mawili mpaka ashuke polepole bila kudondoka, kwa sababu kushuka ndiko msuli unakofanya kazi huku ukivutwa. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta uani, kanga imefungwa juu ya magoti, mjukuu anamhesabia.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu, ngoja kwanza, usinikatishe. Sita."

Kulia amefika matofali matatu, ambayo kwa kipimo chetu cha kamba ni pungufu kidogo ya ngazi ya Kosta. Kushoto bado ni mawili, na la pili analipanda akishika mlango.